Seva Imeanguka: Kabla ya Kumlaumu Mtu, Tafuta Ushahidi

Katika somo hili tutajifunza jambo ambalo wengi wetu tunaotumia Linux hatulitafuti mpaka siku tunapolihitaji, na siku hiyo huwa tumeshachelewa: namna ya kuuandaa mfumo ili ukianguka uache nyuma yake maelezo ya kilichouangusha.

Nianze na kisa. Nilikuwa nasaidia kutunza chumba kimoja cha kompyuta hapa Bujumbura. Kilikuwa na seva moja ya Linux, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliweka humo rasimu za memwari zao. Seva ile ikaanza kujiwasha upya yenyewe, mara saa nne asubuhi, mara usiku wa manane. Kila mtu alikuwa na jibu lake. Wa kwanza alisema ni umeme. Mji wetu tunaujua, umeme ukiondoka hauagi. Tukachanga pesa, tukanunua betri ya akiba. Seva ikaendelea kuanguka. Wa pili akasema ni virusi. Wa tatu akakumbuka kwamba mara mbili seva ilipoanguka, kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa ndani akinakili mafaili makubwa. Basi ikawa ni yeye. Hakuna aliyeweza kusema amefanya nini hasa, lakini aliambiwa asiingie tena mpaka mambo yatulie.

Kijana yule hakuwa na la kujitetea, nasi hatukuwa na la kumtia hatiani. Tulikuwa na dhana tupu. Tungeweza kuepuka haya yote kwa kazi ya nusu saa, na kazi hiyo ndiyo somo letu la leo. Kisa nitakimaliza mwishoni.

1. Kiini ni nini, na kinaangukaje?

Kiini cha mfumo, ambacho mafundi hukiita keneli, ndicho kinachogawa kumbukumbu ya RAM, kinachopanga zamu za programu kwenye prosesa, na kinachozungumza na diski, kadi ya mtandao na vifaa vingine. Programu ya kawaida ikikosea, kiini huifunga na nyingine huendelea. Kiini chenyewe kikikosea, hakuna aliye juu yake wa kukirekebisha.

Linux ina ngazi mbili za kosa la kiini. Ya kwanza huitwa "oops": kiini kimekosea, kinaifunga programu iliyokuwa ikihudumiwa wakati huo, kisha kinajaribu kuendelea kwa kuchechemea. Ya pili huitwa "panic", nasi tutaiita taharuki: kiini kimeona kwamba kuendelea ni hatari, maana huenda kikaandika takataka juu ya mafaili ya watu, kwa hiyo kinasimama kabisa. Kusimama huku kunaudhi, lakini kunalinda. Kwenye Windows hali hii ndiyo ile iliyojulikana kwa miaka mingi kama skrini ya buluu.

Mfano mkubwa ni wa tarehe 19 Julai 2024. Kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani zilianguka, ndege zikakwama na hospitali zikarudi kwenye karatasi. Wengi walidhani ni shambulio la wadukuzi. Rekodi za kuanguka zilizoachwa na mashine zile zikaonyesha kiendeshi cha programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike, kilichokuwa kikifanya kazi ndani ya kiini. Baadaye kampuni yenyewe ilieleza kwamba sehemu moja ilitarajia taarifa 21 wakati programu ilikuwa inatoa 20, ikaenda kusoma mahali pasipokuwa pake. Kosa la hesabu ya moja, wala hapakuwa na mdukuzi.

Sasa ugumu uko hapa. Ushahidi wa kuanguka uko kwenye RAM, na RAM ikikosa umeme au mashine ikiwashwa upya, husahau. Utasema tusome logi. Lakini kiini kilichotaharuki mara nyingi hakiwahi kuandika mistari yake ya mwisho kwenye diski. Unafungua logi unakuta habari za kawaida, kisha kimya, kisha mwanzo mpya. Na umeme ukikatika, logi inaonekana vilevile. Ndiyo maana sisi tulinunua betri.

2. Kdump inavyofanya kazi

Jiulize: kiini kilichokwisha kuharibika tutakiaminije kuandika rekodi kwenye diski? Hatuwezi. Tangu toleo la 2.6.13 la mwaka 2005, Linux ina njia nyingine iitwayo kdump. Inategemea uwezo uitwao kexec, yaani kiini kimoja kuanzisha kiini kingine moja kwa moja bila mashine kupitia hatua za mwanzo za kuwaka.

Mashine inapowaka, sehemu ndogo ya RAM hutengwa. Ndani yake hupakiwa kiini cha pili, nacho hulala humo. Kiini kikuu hakiitumii sehemu hiyo kwa kazi zake. Taharuki ikitokea, kiini cha pili huamshwa. Kwa kuwa kinaishi katika sehemu yake yenyewe, kinaiona kumbukumbu yote ya mwenzake kama ilivyokuwa dakika ile, kinainakili kwenye diski, kisha kinaiwasha mashine upya.

Ni kama mtumbwi mdogo unaofungwa nyuma ya boti ziwani Tanganyika. Unafungwa ukiwa bado bandarini. Boti ikishaanza kuzama huwezi kuchonga mtumbwi. Wazee walisema akiba haiozi. RAM utakayoitenga leo itaonekana kama hasara mpaka siku ya kwanza ya taharuki.

3. Kuandaa mashine hatua kwa hatua

Maelekezo haya ni ya Debian na Ubuntu. Mifumo mingine ina majina tofauti ya mafaili, lakini mantiki ni ile ile.

Hatua ya kwanza: sakinisha.

sudo apt install kdump-tools

Ukiulizwa kama kdump iwashwe, jibu ndiyo. Kisha fungua faili /etc/default/kdump-tools uhakikishe lina mstari huu:

USE_KDUMP=1

Hatua ya pili: tenga kumbukumbu. Kiasi kinachotengwa huandikwa kwenye mstari wa kuwashia kiini, kwa neno crashkernel. Utalikuta kwenye faili /etc/default/grub.d/kdump-tools.cfg. Kwa mashine ya kawaida ya chuo unaweza kuanza na:

crashkernel=256M

Kwenye mashine yenye RAM ya GB 4, hiyo ni sehemu moja ya kumi na sita. Usibane mno: ukitenga kidogo kupita kiasi, kiini cha pili chenyewe kitakosa nafasi ya kuamka, na hutapata rekodi. Ukimaliza, andika:

sudo update-grub
sudo reboot

Hatua ya tatu: hakiki. Usiamini kwamba kitu kipo kwa sababu umekisakinisha.

cat /sys/kernel/kexec_crash_size
cat /sys/kernel/kexec_crash_loaded
kdump-config show

Amri ya kwanza inaonyesha baiti zilizotengwa. Kwa 256M utaona 268435456. Ukiona 0, hakuna kilichotengwa, rudi hatua ya pili. Amri ya pili lazima ijibu 1, maana yake kiini cha pili kimepakiwa. Ya tatu inatoa muhtasari, na inapaswa kusema "ready to kdump".

Hatua ya nne: amua kiini kitaharuki lini. Tengeneza faili /etc/sysctl.d/90-taharuki.conf, uandike ndani yake:

kernel.panic_on_oops = 1
kernel.panic = 10

Mstari wa kwanza unasema: oops ikitokea usichechemee, taharuki mara moja ili rekodi ichukuliwe wakati kosa bado bichi. Kiini kinachochechemea baada ya oops kinaweza kuanguka saa tatu baadaye mahali pengine kabisa, nawe ukamfuata asiyehusika. Mstari wa pili unatumika pale ambapo kiini cha pili hakikupakiwa: mashine itangoja sekunde 10 kisha ijiwashe. Thamani ikiwa 0, itabaki imesimama mpaka mtu aje aibonyeze, na usiku wa manane mtu huyo hayupo. Ili mipangilio ianze kutumika:

sudo sysctl --system

Kuna mpangilio mwingine, vm.panic_on_oom, unaokifanya kiini kitaharuki RAM inapojaa. Kwa seva ya wanafunzi uache kwenye 0. RAM kujaa kwa sababu mtu amefungua programu nzito si sababu ya kuwaangusha wote. Kiini kitaifunga programu moja na wengine wataendelea.

Hatua ya tano: jaribu kweli. Hapa wengi hukimbia. Amri ifuatayo inaiangusha mashine kwa makusudi. Waarifu watu kwanza, kazi zote zihifadhiwe, na usiifanye kwenye mashine ambayo mwenyewe hajakuruhusu.

sudo sh -c 'sync; echo c > /proc/sysrq-trigger'

Skrini itaganda au kujaa maandishi, kiini cha pili kitafanya kazi yake, kisha mashine itawaka tena. Ingia kwenye /var/crash. Ukikuta folda yenye jina la tarehe na saa ya dakika chache zilizopita, umefaulu. Ukikuta patupu, ni heri umejua leo kuliko siku ya msiba. Rudia uhakiki wa hatua ya tatu kila unapoboresha kiini.

4. Rekodi isiimeze diski

Seva yenye RAM ya GB 8 ikinakiliwa yote, itadai nafasi ya karibu GB 8 kwenye diski. Hatuhitaji yote hiyo. Programu iitwayo makedumpfile huchuja na kubana. Kwenye /etc/default/kdump-tools weka:

MAKEDUMP_ARGS="-c -d 31"

Herufi c ni ya kubana. Namba 31 ni jumla ya vitu tunavyoacha: 1 ni kurasa zilizojaa sifuri, 2 na 4 ni aina mbili za akiba ya mafaili yaliyosomwa kutoka diski, 8 ni data za programu za watumiaji, na 16 ni kurasa zilizo huru. Jumlisha: 1 + 2 + 4 + 8 + 16 = 31. Kinachobaki ni kumbukumbu ya kiini chenyewe, na kwa kosa la kiini hiyo ndiyo tunayoitaka.

5. Kusoma kilichoandikwa

Ndani ya folda ya rekodi kuna mafaili mawili. Linaloanza na dump ni nakala ya kumbukumbu. Linaloanza na dmesg ni maandishi ya kawaida, mistari ya mwisho ya kiini ambayo logi haikuwahi kuipata. Anza na hili la pili. Mara nyingi linatosha.

Tafuta maneno "BUG:" na "Kernel panic". Soma kosa la kwanza kabla ya yanayofuata, kwa sababu mengi ya baadaye ni watoto wa lile la kwanza. Chini yake tafuta "RIP:", inayotaja kazi iliyokuwa ikitekelezwa, kisha "Call Trace:", orodha ya nani alimwita nani mpaka pale. Majina ndani ya mabano ya mraba ni ya viendeshi. Jina moja likirudi katika kila anguko, umepata mtuhumiwa wa kweli. Ukitaka kuchimba zaidi, kuna programu iitwayo crash. Inahitaji faili la vmlinux lenye alama za uchunguzi la toleo lile lile la kiini kilichoanguka. Ukishaingia, amri bt, log na ps zitakuonyesha njia ya kosa, maandishi ya kiini na programu zilizokuwapo.

Sasa lile swali la mjini kwetu: ni umeme au ni kiini? Amri hizi mbili zitakuonyesha mashine iliwaka lini, na kama ilizimwa kwa utaratibu:

last -x
journalctl --list-boots

Kama hakuna alama ya kuzimwa kwa utaratibu, nenda /var/crash. Folda mpya ikiwapo, kiini kilitaharuki. Isipokuwapo, na kdump uliwahi kuijaribu ikafaulu, shuku kukatika kwa umeme, joto, au kifaa kibovu kama kipande cha RAM. Angalia neno nililotumia: shuku. Kukosekana kwa folda si uthibitisho, maana kuna maanguko mazito ambayo hata kiini cha pili hakiwahi kuamka.

Kwa wenye Windows: fungua sysdm.cpl, nenda sehemu ya mipangilio ya juu, kisha ile ya kuanzisha na kurejesha. Hakikisha aina ya rekodi haijawekwa kuwa hakuna. Rekodi kubwa hukaa C:\Windows\MEMORY.DMP na ndogo hukaa kwenye folda C:\Windows\Minidump.

6. Rekodi ni amana

Nakala ya kumbukumbu ni nakala ya kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu. Manenosiri, funguo za siri, vipande vya barua za watu, vyote vinaweza kuwamo. Uchujaji wa 31 unaondoa data za programu, lakini kiini chenyewe hushika funguo za diski zilizofichwa na data zinazopita kwenye mtandao. Usimwambie mtu kwamba rekodi iliyochujwa haina siri.

Hata wakubwa hupata mtihani hapa. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia kwenye barua pepe za taasisi zipatazo 25, zikiwamo za serikali ya Marekani, kwa kutumia ufunguo wa Microsoft wa kutia saini. Septemba mwaka huo kampuni ilisema inaamini ufunguo ulinaswa ndani ya rekodi ya anguko la Aprili 2021, rekodi ikahamishwa kwenda kwa wachunguzi bila kugundulika. Machi 2024 ikaongeza kwamba haikuipata rekodi yoyote yenye ufunguo ule. Lakini kwamba jambo hilo lilionekana linawezekana, hilo latutosha kama onyo.

Kwa hiyo fanya manne. Ifunge folda isisomwe na kila mtu:

sudo chmod 700 /var/crash

Ukiomba msaada, tuma faili la dmesg tu, tena baada ya kulisoma mwenyewe. Ukilazimika kutuma nakala kamili, ifunge kwa nenosiri, umtumie mtu mmoja unayemjua. Na kosa likishapatikana, ifute.

Mwisho wa kisa

Tulipoandaa kdump kwenye seva ile, tulingoja siku tisa. Ilipoanguka tena, folda ilikuwapo. Ikaanguka mara ya pili, folda ya pili. Katika zote mbili njia ya kosa ilipita kwenye kiendeshi cha kadi ya mtandao, wakati data nyingi zikipita kwa mkupuo. Tukakiweka kiini kipya zaidi, na anguko la aina ile hatukuliona tena.

Kumbe yule wa tatu hakuwa amesema uongo. Kijana kweli alikuwa ndani, na kunakili kwake mafaili makubwa kweli kulimwamsha mdudu aliyelala kwenye kiendeshi. Lakini kunakili faili ndiyo kazi ya seva. Yeyote angefanya vile siku ile, mimi nikiwamo, ingeanguka vilevile. Kuwapo kwake tulikugeuza kuwa kosa lake. Tulimwita, tukamwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia akikatazwa kuingia, tukamwonyesha mistari ya dmesg. Aliisoma mara mbili, kisha akauliza swali zuri kuliko yote tuliyouliza sisi: kwa nini hatukuiandaa tangu mwanzo?

Ndugu msomaji, kama unatunza mashine ambayo wengine wanaitegemea, swali hilo ni lako pia.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kiini kilichotaharuki hakiaminiwi kuandika rekodi chenyewe?
2. Amri ya kexec_crash_size imejibu 0. Tatizo liko hatua gani?
3. Ukitaka kuacha kurasa za sifuri, data za programu na kurasa zilizo huru tu, utaandika namba gani badala ya 31?
4. Seva imejiwasha usiku, /var/crash ni tupu. Taja sababu mbili unazoweza kuzishuku, na ueleze kwa nini huwezi kuapa juu ya yoyote kati yake.

Jibu la swali la tatu ni 25. Mengine jadilini na wenzenu, na kama mna mashine ya majaribio, iangusheni kwa makusudi kabla haijaanguka yenyewe.